Laptop Yangu Inazimika Kwenye Umeme, na Mume Wangu ni Fundi Umeme

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na tafadhali barua hii usiiweke chini ya rundo, maana Jumamosi saa nane mchana mimi na wifi yangu tunaingia fainali, mimi mwanamke wa miaka arobaini na sita, mshona nguo, ambaye mwaka juzi sikujua hata pa kuiwashia laptop.

Laptop yenyewe ni ile ya gemu, nzito, yenye taa chini ya herufi, alituachia binti yetu alipopewa nyingine kazini kwake, nami nikaiweka chumba changu cha kushonea, pembeni ya ovaloki, ile mashine ya kukata na kufunga kingo za nguo, juu ya vipande vya vitambaa ili meza isikwaruzike, nikaanza kucheza gemu la mbio za magari kupumzisha mgongo, na wifi yangu, dada wa mume wangu, mwalimu wa kemia, akaanza kucheza naye kwake, tukawa timu, yeye anaziba njia mimi napenya, jina letu Mawifi Wawili, na waliodhani tunatania wamekula vumbi letu, Mshauri, timu sitini na nne zilianza na sasa zimebaki mbili.

Shida ni hii. Ikiwa kwenye betri laptop inakwenda, ingawa gari linajivuta na chaji haimalizi saa nzima, lakini nikichomeka chaja gari linachomoka kama swala, picha zinang'aa, halafu kama robo saa hivi feni inaanza kulia kama cherehani iliyokosa mafuta, pale juu ya herufi panakuwa pa moto kama pasi, na ghafla giza, imezimika yenyewe. Nikaona jambo liko wazi: kwenye betri nzima, kwenye umeme mgonjwa, basi mgonjwa ni umeme. Na umeme wa nyumba hii, kila waya na kila soketi, ametandaza mume wangu kwa mikono yake, fundi umeme wa miaka ishirini na miwili.

Siku ya robo fainali ilizimika tukiwa tunaongoza, wifi akamalizia peke yake kwa taabu, nami nikatoka chumbani nimefura. Sebuleni walikuwepo mume wangu, mama mkwe wangu, na mama mmoja anayejenga zahanati, mume wangu alikuwa amemleta aione kazi yake kwa macho kabla ya kumkabidhi jengo. Sikusalimia. Nikasema, "Mama, kabla hujampa kazi, muulize mbona umeme wa nyumba yake mwenyewe unaua vitu." Yule mama akatazama saa, akaaga kwa adabu, na hakurudi tena. Mume wangu alichukua bisibisi akaifungua soketi ya chumbani kwangu, kesho yake akachimbua ukuta akabadilisha na waya wote mpaka kwenye boksi la fyuzi, akapiga lipu, akaniambia tu nijaribu, nikajaribu, ikazimika, na tangu siku hiyo ananisalimia kama mtu tuliyekutana kwenye foleni.

Sasa sikiliza kosa langu lenyewe, maana hapo sijafika bado. Alhamisi iliyopita niliibeba laptop mpaka kwa wifi, nyumba nyingine kabisa, nikachomeka, na baada ya robo saa ikazimika vilevile. Wifi akaniangalia juu ya miwani. "Wifi, umeme huu kaka yangu hajawahi kuugusa," akasema. Nikamsihi anyamaze mpaka fainali ipite, naye akanijibu kwamba Jumamosi ikiisha sijasema, atasema yeye. Mume wangu bado hajui. Nusu fainali nilicheza kwa betri, nikavuka mstari imebaki asilimia tatu, nikapiga kigelegele mpaka mteja aliyekuja kupimwa sketi akakimbilia mlangoni, lakini fainali ni dakika tisini na betri haitoshi.

Je, nianze na laptop au na mume? Naogopa nikikiri sasa moyo utavurugika, nishindwe kushika usukani siku ya siku.

Ni mimi, Sindano wa Mawifi Wawili.

MSHAURI ANAJIBU

Sindano, umenichekesha na kuniudhi kwa mkupuo mmoja. Hongera kwa kufika fainali, nasema kwa moyo wote, nilisoma hiyo nusu fainali yako nimesimama. Sasa kaa chini tuzungumze.

Kuhusu laptop, nilimsomea dalili zako dada anayetutengenezea kompyuta hapa ofisini. Hakusubiri nimalize. Aliuliza swali moja tu: unafanya kazi gani? Nikamwambia unashona. "Basi imezibwa na nyuzi," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Nilimfuata anieleze. Anasema laptop ya gemu ikiwa kwenye betri hujibana, hutumia nguvu kidogo ili chaji isiishe, ndiyo maana gari lako linajivuta. Ukichomeka chaja inajiachia, inafanya kazi kwa nguvu zake zote, na nguvu nyingi ni joto jingi. Joto hilo linatakiwa litoke kwa feni kupitia matundu ya chini na ya nyuma. Wewe ya chini umeyalaza juu ya vitambaa, na feni imekuwa ikivuta manyoya ya nguo kutoka kwenye ovaloki kila siku inapowaka. Kitu kikishindwa kupumua, kinajizima kabla hakijaungua. Kwa hiyo haikuwa inauawa na umeme, ilikuwa inajiokoa na wewe.

Ifunguliwe chini, ikiwa imezimwa na chaja imechomolewa, na betri itenganishwe kabla ya kugusa kitu kingine. Manyoya yatolewe kwa brashi laini, feni ishikiliwe kwa kidole isizunguke, na usithubutu kupuliza kwa mdomo, mate si dawa. Kama imekaa miaka bila kufunguliwa, dawa ya kupitisha joto inayopakwa juu ya chipu itakuwa imekauka, ipakwe mpya. Ukiona betri imevimba, acha hapo hapo, usiitumie tena. Halafu laptop ikae juu ya ubao mgumu, nyuma iinuliwe kidogo, chumba kisicho na ovaloki, na kwenye gemu ushushe ubora wa picha ngazi moja. Hushindani kwa uzuri wa majani ya barabarani. Ikizimika hata baada ya hayo yote, chaja yako ndiyo ya kupimwa.

Na sasa mume. Dada yangu, hiyo dhana ya kwanza nakusamehe, hata mimi ningeulaumu umeme. Kumvunjia mtu heshima mbele ya mama yake na mbele ya mteja wake ni jambo jingine. Na kujua ukweli tangu Alhamisi, ukamwacha baba wa watu anatembea na aibu isiyo yake ili wewe ushike usukani kwa raha, hilo ndilo lililoniudhi. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini sakafu hupigwa deki, na deki utapiga wewe.

Kiri leo, usingoje Jumamosi. Mwambie mbele ya mama mkwe wako, kwa sababu mbele yake ndipo ulipomwangusha, na umwambie pia kwamba ulijua. Kisha vaa viatu uende kwa mama wa zahanati, mwenyewe, kwa miguu yako, ukafute ulichosema, hata kama kazi ameshampa mwingine. Na usiombe msamaha huku umeshika bisibisi mkono wa pili. Mwanamume akikuona unamwomba radhi na kumpa laptop afungue kwa pumzi hiyo hiyo, atajua unachokitafuta. Ukimaliza kukiri, laptop mpelekee fundi wa kompyuta.

*Majibu haya nilimtumia Sindano kwa simu Jumatano asubuhi, kwa kuwa fainali isingelingoja gazeti. Jumamosi jioni akaniandikia hivi:*

Mshauri, nilisema Jumatano hiyo hiyo wakati wa chai, mama mkwe yupo. Mume wangu aliweka kijiko pembeni, akaniuliza kama kweli nilijua tangu Alhamisi. Nikasema nilijua. Akasema, "Kilichoniuma si laptop. Nilichimbua ukuta wa nyumba yangu nikitafuta kosa, na nilipolikosa nikaanza kuamini mikono yangu imechoka." Mama mkwe ndiye aliyeniambia niinuke niende kwa yule mama kabla jua halijawa kali.

Nikaenda. Zahanati ameshampa mwingine, alinieleza bila kuficha, lakini akachukua namba ya mume wangu kwa ajili ya nyumba anayoishi, na mume wangu alipopigiwa alikwenda nje kuongea, akakaa huko kitambo.

Ijumaa laptop nimeshaifunga kwenye mfuko niipeleke kwa fundi, akanizuia mlangoni, akaniambia niiweke mezani. Aliifungua mwenyewe, skrubu moja moja, akizipanga kwenye sahani. Ndani ya feni akatoa kipande kizima cha manyoya, kimeshikana kama kapeti, bluu, nyekundu na nyeupe. Akamwita mama yake aone, akasema hapa kuna sare za shule nzima. Akacheka, Mshauri. Kidogo tu, lakini alicheka.

Leo dakika tisini nimecheza kwenye umeme, juu ya ubao, mezani sebuleni, na haikutikisika hata mara moja. Mzunguko wa mwisho nilikuwa wa tatu, nyuma ya wapinzani wetu wawili, wifi akawabana wote upande wa nje wa kona, nikapita ndani kabisa, nafasi ya kupitisha kanga tu, na nikavuka mstari mbele kwa urefu wa boneti. Mama mkwe amepiga kelele mpaka sauti imekauka. Mume wangu alisimama nyuma ya kiti changu, akaweka mkono begani pangu, na hakuutoa mpaka majina yetu yalipoandikwa kwenye kioo.

MSHAURI ANAMALIZIA

Hongereni, mabingwa, nami huku nimepiga kigelegele changu. Ila Sindano, usimdai mume wako msamaha kwa sababu umeshinda mbio. Ule mkono begani ni mwanzo, upokee kama mwanzo, na umwache aje kwa mwendo wake. Na wewe msomaji mwingine, unayecheza gemu umeilaza laptop juu ya godoro, iondoe hapo sasa hivi.