Namba Iliyofunikwa kwa Puti

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni, chumba cha upelelezi, tarehe 19 mwezi wa sita, saa tatu na nusu asubuhi.
Jina: Mgeni, ndivyo ninavyoitwa kazini (la kitambulisho limo kwenye jalada). Umri: miaka 46. Kazi: kupiga msasa na kupaka rangi vyuma. Makazi: chumba cha nyuma cha karakana ninamofanya kazi.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Fundi wangu, mwenye karakana, amelala selo siku mbili kwa jambo lililofanywa na mkono wangu. Shule niliishia darasa la tano, lakini kazi yangu naijua, kwa hiyo naomba iandikwe kama ninavyoisema.

Mnamo tarehe 20 mwezi wa tano, saa mbili asubuhi, mkunga mstaafu alituletea pikipiki yake ya zamani, ile ndefu ya njia za matope, ikiwa juu ya mkokoteni. Aliiendesha miaka ishirini na miwili kwenda kuzalisha kinamama mahali gari halifiki. Ilikuwa kutu tupu, na kuku walikuwa wametagia kwenye kiti. Fundi akamtania, akamuuliza kama tuitengeneze au tuizike. Yule mama akajibu, "Nimepokea watoto waliotanguliza miguu, na wakaishi. Fanyeni kazi."

Fundi alishika injini. Mimi nilipewa fremu, tangi, madigadi na rimu. Mama alitaka tangi liwe na buluu ya sare yake ya kazini, akaniachia kipande cha kitambaa. Nilichanganya rangi mara sita, mpaka nikiweka kitambaa juu ya tangi hukioni kinapoishia. Hakuna mtu mtaani hapa anayeweza kufanya hivyo. Sisemi kwa majivuno.

Tarehe 10 mwezi huu, saa nane mchana, nilifika kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapoingia. Kutu ilikuwa imepachimba vishimo vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Namba ya fremu ilikuwepo upande wa kulia, niliiona. Sheria ya fundi ni kwamba namba inazibwa kwa utepe, na rangi inaishia pembeni yake. Siku hiyo fundi alikuwa ametoka kutafuta beringi. Niliziba kwa utepe, nikarudi nyuma hatua mbili kuangalia, nikaona pale panaharibu kila kitu. Nikaubandua. Nikajaza puti, nikapiga msasa, nikapaka. Hakuna aliyenituma. Miaka kumi na mmoja niko mbali na kwetu napaka mageti ya watu, na hiki kilikuwa kitu changu cha kwanza ambacho wapita njia walisimama kukitazama. Fundi aliporudi alipapasa ile shingo, akasema, "Mgeni, hapa umejipita." Hakuuliza namba, nami nikanyamaza.

Tarehe 17, saa nne asubuhi, mama aliichukua. Kwenye kizuizi cha barabarani, askari alipitisha mkono shingoni akakuta laini kama yai, akasema namba imesagwa, hivyo pikipiki ni ya wizi. Saa tisa walikuja kumchukua fundi. Mimi nilikuwa uani naosha bunduki ya rangi. Alisema si yeye aliyefanya, na alipoulizwa ni nani hakujibu. Akipita mbele yangu alisema tu, "Ukifunga, usisahau dirisha la nyuma."

Nilikaa siku mbili bila kuja. Niliogopa. Mtu wa mbali akiwekwa ndani, wa kumletea chakula ni nani?

Leo saa mbili na dakika kumi niliomba nionyeshwe pikipiki, hapo uani, mbele yako afande na mbele ya mama mkunga. Nilisema namba haikusagwa, iko chini. Nilikuwa na msasa wa mia na themanini, ule wa punje za kati, na chupa ya maji. Mama alisimama nyuma yangu akaitaja namba kwa kichwa, tarakimu moja baada ya nyingine, na kila aliyoitaja ilijitokeza. Alisema ameiandika kwenye fomu za mafuta mara nyingi kuliko jina la mumewe. Zilipotimia tisa, wewe mwenyewe ulizilinganisha na kadi ya pikipiki, zikalingana.

Pale shingoni pamebaki chuma kitupu. Nitapapaka vanishi tu, isiyoficha kitu. Fundi atoke. Kama kufunika namba ni kosa, ni langu peke yangu.

Haya ndiyo niliyoyatenda na kuyaona, sina la kuongeza.

Saini ya shahidi: imetiwa.

Maelezo ya ofisa: Fundi ameachiwa saa nne na dakika ishirini. Shahidi ameonywa, na wameondoka pamoja. Nilipomsomea maelezo haya alitaka sahihisho moja. Nilikuwa nimeandika kwamba alijaza puti ovyo. Alisema hatatia saini mpaka neno "ovyo" litoke. Nimelifuta.