Jumamosi Temeke Ilipofunga Mdomo

Temeke, Dar es Salaam
14 Septemba 1953

Kwa kaka yangu Polikarpo,

Shikamoo. Kabla ya jambo lingine lolote, nimeagizwa na wapenzi wote wa michezo ya jukwaani hapa Temeke nikutangazie rasmi ya kuwa Kombe la mashindano limepata makazi. Tangu jana linakaa juu ya kabati la vyombo la Bi Somoe, baina ya birika na taa ya chemli, na anayekuja kulitazama anavua viatu mlangoni. Kwanza lilikuwa kwangu, likahamishwa baada ya kuku kuanza kulitamani kwa kutagia.

Sie huku hatujambo. Shemeji yako anakusalimu, na watoto wameacha kukohoa. Mama hajambo huko Masasi? Goti lake linamruhusu kwenda kanisani, au bado linamletea visingizio?

Barua yako nimeipata. Unasema umerudi kulima mihogo, jukwaa umelitupa, na watu wa Temeke uliowachekesha miaka yote hii wamekuchoka. Niliisoma barazani mbele ya wenzangu. Bi Somoe akasema nikujibu kwamba una kichwa kigumu. Nimekataa kuandika hivyo. Nakuarifu tu kwamba amesema.

Kaka, mchezo wa Bwana Afya haujatuchosha. Ulipofufuliwa mwaka huu tulinung'unika, ni kweli, lakini si kwa ajili yako. Mie mpaka leo nasema kuondoa wimbo wa kunguni kulikuwa kosa, na yule mjane aliyeongezewa kilio mwishoni hakustahili hata chozi. Lakini wewe ukiingia na kofia yako kukagua mitungi ya watu, ukauliza maji haya yana viluwiluwi au hayana, nani Temeke hajui kuitikia kwamba viluwiluwi vimo kofiani mwako? Hata wanaoswali huitikia, kisha wanatubu.

Hapo ndipo penye ugomvi wetu na Bwana Ustawi, yule Mzungu wa Ustawi wa Jamii aliyesimamia mashindano. Unakumbuka kanuni alizosomewa kila mtu wiki ile ya mashindano, sie na Kinondoni tulipobaki peke yetu. Alitaka mchezo utazamwe kama wanavyotazama kwao. Kila kelele ya watazamaji, iwe kicheko kikubwa, kigelegele au kuitikia wimbo, ingeipunguzia maksi timu iliyoko jukwaani. Nyie waigizaji mlicheka mkaenda mazoezini. Sie wapenzi tulikaa tukafikiri.

Tulipatana hivi. Zamu ya Temeke ikifika, hapana mtu kufungua mdomo. Zamu ya Kinondoni ikifika, tuwashangilie mpaka mabati yalegee. Wazo lilikuwa langu, na sijalionea haya. Hatukukuambia wewe kwa sababu uso wako hauwezi kuficha neno, na ndiyo maana unachekesha.

Ndiyo maana ulipouliza habari za viluwiluwi, ukumbi mzima ulikutazama kama mahakama. Bi Somoe alikuwa ameuma kitambaa cha kichwa. Mzee Kondo alitoka nje, akaenda kucheka nyuma ya choo, akarudi amepangusa uso. Ukauliza tena. Nikaona jasho linashuka chini ya kofia, nikaona unanitafuta mimi mdogo wako pale mstari wa mbele, nami nikatazama viatu vyangu. Hilo la viatu ndilo linalonisumbua. Mengine hayanisumbui.

Kinondoni walipoanza, tulipiga kelele hata kwa mtu aliyeleta kiti. Kamugisha, yule karani anayeimba kama ana mafua, aliitwa arudie wimbo mara tatu. Kesho yake alikuja Temeke na mkungu wa ndizi kutushukuru, akasema tangu atoke Bukoba hajawahi kupendwa kiasi kile. Tulimwambia asijali. Ndizi tulizila.

Matokeo unayajua. Bwana Ustawi alieleza kwa Kiingereza kirefu, mkalimani akafupisha kwamba Temeke imeshinda. Wakati tunakutafuta tukubebe, wewe ulikwisha kupita mlango wa nyuma, na Jumatatu ukapanda lori la Lindi bila kwaheri.

Siombi radhi, kaka. Anayetaka kutufundisha namna ya kucheka atazame tunavyonyamaza, aone kama atapenda. Jumapili iliyopita tuliurudia mchezo kwenye kiwanja cha mpira, bila kombe, bila kanuni, na wimbo wa kunguni tukaurudisha. Mjumbe wa Ustawi alikuja kutukataza, akaketi, akaitikia. Nafasi yako alichukua Didas. Didas ni kijana mwema na anajua kupanga viti. Alipouliza habari za viluwiluwi, watu walimjibu kwa sauti, akatishika, akasahau yanayofuata, tukaumaliza mchezo wenyewe toka chini. Bi Somoe akasema mbele ya wote kwamba Bwana Afya wa Temeke ni mmoja, na kwa sasa analima mihogo.

Mwezi ujao tunaucheza tena. Kofia yako ninayo mimi, na Didas nimemnyang'anya. Ukija, hutasikia sauti yako mwenyewe kwa kelele zetu. Usipokuja, tutakuja na mchezo Masasi, tuuchezee mlangoni kwa mama.

Nisalimie mama, shangazi Anastasia, na wote wanaoniulizia. Bi Somoe anasema mihogo ikikomaa usimsahau.

Wako mdogo,
Kasiani

Jambo moja nimelijua juzi kwa Anselmo anayefagia ule ukumbi, aliyekuwapo majina yalipoandikishwa. Kinondoni waliondolewa mashindanoni asubuhi ya Jumamosi ile ile, kabla sie hatujafunga mdomo, kwa kuleta waigizaji kumi na watatu, na kanuni inataka kumi na wawili. Waliachwa wacheze kwa kuwa viti vilikuwa vimekwisha kupangwa.