Kuomba Bila Sauti

Jumatatu, 3 Februari

Nimeamka saa kumi na moja kama kawaida. Uji, dawa ya presha, kisha kliniki ya koo. Foleni ndefu. Daktari ni msichana wa umri wa wajukuu wangu. Ameniingiza kamera puani bila huruma, akauliza, "Mzee, wewe ni mwalimu ama mhubiri?" Nimesema yote mawili. "Basi umetumia koo la watu wawili."

Nyuzi za sauti zimevimba. Hukumu: wiki tatu bila kusema neno. Hata kunong'ona marufuku. Nieleze: anayenong'ona hukaza koo, akifikiri analipumzisha. (Namweleza nani? Daftari. Sawa.) Uvimbe usipopungua nitapasuliwa.

Rosalia, mke wangu, amesikia habari akainua mikono juu. "Bwana asifiwe! Miaka arobaini na miwili. Sasa ni zamu yangu." Amefurahi mno. Nimeudhika kidogo.

Jumanne, 4 Februari

Mazungumzo si shida. Shida ni maombi. Mimi ndiye mwombaji wa kanisa letu hapa Nyamasaria. Mazishi, harusi, mkutano wa maji, hata kufungua vyoo vipya vya shule: "Mwalimu atufungulie kwa maombi." Na kwetu mgeni haondoki nyumbani kwa mtu kabla ya kuombewa, kwa hiyo mzee mwenye maneno hana likizo. Nimeomba mbele ya watu tangu chuo cha ualimu.

Leo nimekaa kuomba peke yangu, kimya. Dakika tatu. Maneno yakaisha.

Nimeogopa. Niandike wazi: sijui kama nina Mungu au nina wasikilizaji tu. Nina miaka sabini na mmoja. Nataka kujua.

Jumatano, 5 Februari

Nimejaribu tena, kwenye benchi nyuma ya nyumba, kando ya tangi la maji. Nimeanza na mafuriko ya mtaa wa chini. Nikataja chanzo chake: mito inashuka kutoka milimani, huku kwetu ni tambarare, udongo mweusi haunywi maji haraka. Kisha gugumaji la ziwani, na jinsi upepo unavyolisukuma. Baada ya robo saa nikagundua ninamfundisha Mungu jiografia ya ziwa lake mwenyewe.

Nimecheka. Kucheka bila sauti ni kutikisa mabega tu.

Jumapili, 9 Februari

Mchungaji amemwita Ouma aombe mahali pangu. Ouma ni fundi wa kuchomelea mageti, anakaa Obunga. Amesimama, shati limetobolewa na cheche, akasema: "Mungu, asante. Mwalimu anaumwa koo. Wewe unajua. Tusaidie. Amina." Akaketi. Wengine hata hawakuwa wamefumba macho vizuri.

Moyoni nimempa alama nne kwa kumi. Hakuna utangulizi, hakuna hitimisho. Halafu nikaona chozi langu limedondoka kwenye kitabu cha nyimbo. Sikuelewa. Wivu, nadhani. Lakini si wivu peke yake.

Jumatano, 12 Februari

Aibu. Niandike yote.

Ibada ya nyumba kwa nyumba ilikuwa kwetu leo mchana. Watu kumi na wanne, chai, viazi vitamu. Sikutaka kushindwa nyumbani kwangu. Nimeandika ombi, kurasa mbili, nikampa Rosalia alisome.

Nilisahau kitu kimoja. Mimi huandika maombi kama nilivyokuwa nikiandika maandalio ya somo, na maelekezo yangu humo humo. Rosalia naye alikuwa karani wa mahakama. Akipewa karatasi, anasoma kilichoandikwa.

"Ee Baba wa rehema, hapa shusha sauti. Tumekuja mbele zako kama watoto, ngoja Amina."

Hakuna aliyesema Amina. Akaendelea, uso mkavu: "Uwakumbuke wajane wetu, mtazame Mama Auma."

Mama Auma, mjane wa pekee mle chumbani, akafungua macho. "Nitazamwe kwa nini?"

Nyumba ikalipuka. Mchungaji amejimwagia chai. "Kumbe hata mbinguni Mwalimu anapeleka maandalio ya somo!" Mama Auma alicheka hadi akashika ukuta. Mimi nimetikisa mabega mpaka mbavu zikauma. Sikuweza kujitetea, na pengine ni heri.

Walipoondoka haikuchekesha tena. Nimetoa madaftari ya zamani. Kila ukurasa: shusha, pandisha, ngoja, mtazame fulani. Mungu hana haja nishushe sauti. Yote yale yalikuwa ya watu. Nimeona haya. Rosalia ameniletea sahani akanigusa bega.

Ijumaa, 14 Februari

Ouma amekuja kutengeneza bawaba ya geti. Nimemwandikia kwenye kidaftari cha mfukoni: Wewe ukiomba, unamwona Mungu karibu?

Amesoma polepole. "Hii ni mtihani, Mwalimu?"

Nimetikisa kichwa.

"Mimi sijui kuomba mrefu. Nikienda mrefu napotea njia. Lakini nikiwa kazi, nimefunika uso, hakuna mtu ya kuongea na mimi. Hapo, mara zingine." Akafikiri. "Ama ni joto tu."

Akacheka mwenyewe, akaomba maji. Nimemchukia kidogo kwa kuwa na kitu nisichokuwa nacho. Nimempa maji ya baridi, yale ya friji.

Jumapili, 16 Februari

Ouma tena. Sentensi nne. Sikumpa alama.

Jumatatu, 17 Februari

Kukavu. Saa nzima kwenye benchi, shingo imekufa ganzi. Kuku wa jirani wamenizunguka wakidhani nina mahindi. Wiki imebaki moja na sina jibu. Je, ikiwa hakuna kitu huko ndani? Ikiwa kwa miaka yote nilikuwa nikipiga kelele ili nisisikie huo utupu?

Nimekasirika na Mungu. Nimemwambia hivyo, moyoni, bila utangulizi. Maneno manne: Uko wapi? Mimi nimekuja.

Ombi fupi kuliko yote niliyowahi kuomba. Baadaye nimekula vizuri, jambo la ajabu. Samaki wawili, ngege, na mchuzi wote.

Alhamisi, 20 Februari

Alfajiri. Benchi. Malori yakibadilisha gia kwenye barabara ya Nairobi. Harufu ya ziwa, kwa kuwa upepo ulikuwa unatoka huko. Sikuwa na ombi. Nilikuwa nimechoka kutafuta maneno, basi nikaacha.

Sikusikia sauti. Sikuona kitu. Lakini sikuwa peke yangu. Ilikuwa kama mtu anapoingia chumbani ukiwa unasoma, na huna haja ya kuinua kichwa.

Nusu saa, labda. Kisha Rosalia akafungua redio jikoni.

Siwezi kulieleza. Ni mara ya kwanza kuandika hivyo katika daftari hili. Nimefurahi kama mtoto. Nimemwoshea Rosalia vyombo vyake vyote, naye akaniuliza nimevunja nini.

Ijumaa, 21 Februari

Nimerudi kwenye benchi na mpango kamili. Saa ile ile, shati lile lile, nimegeukia upande ule ule. Hakuna kitu. Rosalia amechungulia dirishani: "Baba Akinyi, umekunja uso kama unasimamia mtihani wa darasa la nane!"

Ni kweli. Nilikwenda kumsimamia Mungu afanye tena ya jana. Nimeacha, nikapalilia sukuma wiki. Sikuhuzunika sana. Mtu aliyekuja mara moja anaijua nyumba.

Jumatatu, 24 Februari

Kliniki. Kamera tena puani. Uvimbe umepungua, sitapasuliwa. Daktari amefurahi. Niseme kidogo kidogo, kwa upole, na kanisani nisisimame kuomba kwanza.

"Kidogo ni maneno mangapi, daktari?" Rosalia ameuliza. "Niandikie."

Mchungaji amepiga simu kabla hatujafika Mamboleo kumwona dadake Rosalia. Anataka nirudi kuomba Jumapili, japo dakika mbili. Rosalia akanishikia simu sikioni. Nilikuwa na ruhusa ya kusema, na nilijua la kusema, lakini nikamwandikia Rosalia amsomee: Ouma aendelee. Mimi nitakaa nyuma, nikiomba pamoja naye.

Amelisoma jibu lote, neno kwa neno. Safari hii hapakuwa na maelekezo.

Jumanne, 25 Februari

Nimetoka nje kabla ya jua. Sauti ninayo sasa. Sikuitumia.

Nimekaa katikati ya benchi, mikono magotini. Umande kwenye tangi. Sijui ni muda gani umepita. Wakati fulani nikajikuta nimesogea hadi mwisho wa benchi, kama unavyompisha mwenzako akae. Sikuwa nimepanga.

Rosalia ametoka na vikombe viwili vya chai. Akasimama akinitazama.

"Mbona umekaa pembeni hivyo? Utaanguka."

"Niko sawa," nimemwambia.