Nati za Breki ya Mbele

Jumamosi, 7 Juni

Leo nimepiga nane kwa pikipiki mara kumi na mbili bila kuweka mguu chini. Jana niliishia mara ya saba. Madumu mawili, unayazunguka kwa umbo la tarakimu hiyo, gia ya kwanza, klachi nusu. Shamba limevunwa na mabua yameliwa na ng'ombe, kwa hiyo kaka Paskali anaruhusu. Kosa langu bado ni macho. Nikiliangalia dumu, naligonga. Kaka anasema niangalie ninakotaka kutokea. Nimeliandika hilo ndani ya jalada la daftari hili.

Nilitimiza miaka kumi na minane mwezi wa nne. Akiridhika na mimi atanipeleka mjini Katesh kuomba leseni kabla likizo haijaisha. Namaliza kidato cha nne mwaka huu. Nataka kuwa muuguzi anayefika kwa mgonjwa, hata njia ikiwa mbaya.

Jumanne, 10 Juni

Nimepanda nyuma ya Paskali hadi barabara kuu. Mteremko wetu ni mrefu: kona tatu, changarawe juu ya udongo mgumu. Ameshuka kwa breki ya mguu peke yake. Ya mbele hana. Hakuna dereva wa kijiji chetu aliye nayo. Pale kijiweni kwa bodaboda, dereva mgeni hapakii abiria mpaka kaka Bura, mwenyekiti wao, afungue nati inayoshika waya wa breki ya mbele. Anaitundika kwenye waya uliofungwa nguzoni. Nimehesabu nati kumi na moja. Upepo ukivuma zinagongana.

Walianza mwaka juzi, mwenzao aliporuka juu ya usukani kona ya pili akafa. Tangu hapo wanasema ya mbele inaua.

Paskali bado anaubana mkono wa breki hiyo iliyokufa, njia nzima, vidole vinne, kama anakamua. Hajui kama anafanya hivyo. Nimecheka mgongoni kwake.

Alhamisi, 12 Juni

Miguu ya mama imevimba. Nesi amesema ashuke kituo cha afya Jumatano ya tarehe 25, akasubirie kujifungua hukohuko. Asikae nyumbani zaidi ya hapo. Baba yuko malishoni Getanuwas na ng'ombe, na simu yake haishiki mtandao. Paskali ndiye atakayemshusha.

Mteremko uleule. Breki moja.

Jumamosi, 14 Juni

Manyunyu tangu asubuhi. Mlima Hanang hauonekani, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba.

Nimepima. Gia ya tatu, nikifika kwenye jiwe nililoliweka alama shambani nakanyaga breki. Hatua ishirini na mbili ndipo nikasimama, tairi la nyuma limekwenda pembeni kama mkia. Mwalimu wa Fizikia alitufundisha: chombo kikifunga breki uzito unakwenda mbele, na penye uzito ndipo tairi linaposhika ardhi. Basi breki yenye nguvu ni ileile waliyoitundika nguzoni. Aliyekufa hakuuawa na breki. Aliibana yote mara moja.

Nilikwenda kijiweni kueleza. Nilisema shikamoo kwanza, na nilichora chini kwa kijiti. Kaka Bura alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akawaambia wenzake, "Fundi wa daftari amefika. Mpisheni, atatufufulia marehemu."

Walicheka. Paskali alitazama tairi lake. Nyumbani alisema nimemwaibisha mbele ya watu anaofanya nao kazi, na kwamba mimi sijawahi kumwokota mtu barabarani.

Jumatano, 18 Juni

Paskali hajanipa ufunguo wa pikipiki siku nne. Mama anapumua kama aliyepanda mlima, na amekaa tu. Ukungu.

Jumapili, 22 Juni

Nimeiba.

Nilitoka kanisani kabla ya matangazo. Matangazo yetu ni marefu, na madereva wote walikuwa ndani. Pikipiki zimepangwa nje, kijiwe kitupu. Nati zilikuwa na maji ya mvua. Nimechukua moja. Ibada ilipoisha Paskali alibaki kwenye kikao cha kwaya, akanipa ufunguo niwahi nyumbani kumpikia mama. Ndiyo mara ya kwanza tangu anikasirikie. Nikaipeleka pikipiki shambani kwanza.

Spana namba kumi. Nimeingiza waya wa breki ya mbele, nimekaza, nimelegeza kidogo, nimekaza tena. Nimepima kutoka kwenye jiwe lilelile. Vidole viwili, taratibu, na mguu pamoja. Hatua kumi. Nimerudia mara tano. Haikuzidi kumi na moja.

Nikimwambia Paskali ataifungua. Nitamwambia Jumatano jioni, mama akishafika salama.

Kesho anapeleka gunia la maharage barabarani.

Jumatatu, 23 Juni

Paskali ameanguka. Kona ya pili.

Wamemleta watu wanne. Mfupa wa bega la kulia umevunjika, uso umechubuka upande mmoja wote. Tabibu amemfunga mkono. Gunia lilipasuka, na watoto wameokota maharage kwenye matope mpaka mchana.

Walioona wanasema alikuwa anashuka vizuri tu. Ghafla gurudumu la mbele likasimama na yeye akaendelea.

Nimerudi ukurasa wa tarehe 10. Vidole vinne, kama anakamua. Niliandika mwenyewe. Nilicheka.

Ni mimi.

Jumanne, 24 Juni

Kaka Bura amekuja kumwona, na wengine sita. Walikaa kwenye viti vyote tulivyonavyo. Aliuliza nani alifunga ile breki. Paskali akajibu, "Mimi mwenyewe. Nilitaka kujaribu."

Walimcheka kwa upole, kama anavyochekwa mgonjwa. Bura akasema, "Umeona sasa? Na kesho ungempakia mama yako, na mtoto tumboni." Mimi nilikuwa mlangoni na sufuria ya chai. Paskali hakunitazama.

Madereva wawili wa kijiji cha Masakta, waliokuwa wamekubaliwa kubaki na breki zao kwa kuwa huwa wanapita tu, leo wamefunguliwa. Nati sasa ni kumi na mbili. Nimezifanya mimi ziongezeke.

Bura alitaka kuifungua ya Paskali palepale uani. Paskali alisema pikipiki haikuvunjika kitu, iachwe kama ilivyo.

Bura atamshusha mama kesho. Manyunyu hayajakatika.

Jumatano, 25 Juni

Nimemwambia Paskali asubuhi, kabla Bura hajafika. Nilisimama, sikuweza kukaa. Nimesema yote: nati, spana, hatua kumi, na kwamba niliamua kunyamaza.

"Nilijua tangu nikiwa hewani," alisema. "Nani mwingine angekaza vizuri vile?"

Nililia. Akasema, "Kufunga hukukosea. Umekosea kutoniambia. Mimi ndiye ninayeshika usukani, mdogo wangu."

Bura alipofika, Paskali alimshukuru, akamwomba radhi, akasema mama atashuka na mimi. Bura alidhani ni homa. Paskali akamweleza ni nani aliyefunga, na kwamba yeye aliibana yote bila kujua kama ipo. Bura alinitazama. Hakucheka. Alimgeukia mama, akamwuliza yeye anasemaje.

Mama alisema, "Nimemwona akizunguka yale madumu mwezi mzima. Nitakwenda na huyu."

Leseni sina. Naandika hapa ili nisijidanganye.

Paskali alisema, "Viwili, si vinne. Kabla ya kona, si ndani yake."

Tumeshuka. Gia ya pili. Bura alitufuata kwa mbali. Kona ya kwanza. Kona ya pili bado ina maharage kwenye mfereji. Sikuyaangalia, niliangalia tunakotokea. Vidole viwili. Tumbo la mama mgongoni mwangu, na ndani yake kitu kikanipiga teke. Kona ya tatu. Tulipofika lami mama alinishika mikono. Akasema ina baridi.

Jumamosi, 28 Juni

Msichana. Amezaliwa jana asubuhi. Mama anakula.

Nimerudi peke yangu. Kijiweni niliweka kiganjani mwa kaka Bura nati mpya niliyonunua dukani, badala ya ile niliyoiba. Aliipokea. Hakuitundika, aliitia mfukoni. Sijui ataifanyia nini.

Nyumbani Paskali aliuliza mtoto anafanana na nani. Kisha alikuja mpaka kwenye pikipiki. Mkono wa kulia umefungwa, akavusha wa kushoto juu ya usukani. Aliweka vidole viwili kwenye breki ya mbele. Akabana taratibu, akaachia. Akabana tena.

Manyunyu yamekatika.