Mwanya wa Mama Mushiya

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mgonjwa wa kwanza leo — Mama Mushiya, muuza vitenge wa Kasulo. Jiwe kwenye maharage limemvunja jino la mbele, kimebaki kisiki. Anaongea ameziba mdomo kwa kitenge. Jumapili tatu hajampigia simu mama yake huko Musumba. Mzee huyo haoni tena, watoto wake anawajua kwa sauti, na sauti ya pengo inamtia haya Mama Mushiya.

Nimechonga kisiki, nimekausha mate, nimepitisha kamera ya kupimia mdomoni. Hakuna tena lile tope la kupimia linalowatapisha watu! Kisiki kikatokea chote kwenye skrini, hadi ukingo wa ufizi. Nilijiona fundi kweli.

Jumatano, 11 Juni

Jana hakukuwa na umeme, mashine imechonga jino jipya leo. Kofia ya kauri — couronne, wanavyosema wagonjwa — imekaa barabara! Nimepitisha sindano ukingoni, haikwami popote. Kompyuta ilipendekeza jino lipanuke hadi liguse jirani yake, nikakubali. Ndivyo tulivyofundishwa: meno yagusane, chakula kisinase.

Kwa bahati niliibandika kwa gundi ya majaribio tu. Mama Mushiya akajitazama kiooni, akashukuru, akapiga simu Musumba palepale. Mzee akauliza mara mbili ni nani. Kisha akasema wasimchezee, akakata.

Mama Mushiya hakulia. Akakunja kitenge chake, akaniambia polepole:

"Docteur, hii meno ni muzuri. Lakini mi nilikuwa na mwanya. Mama anajuaka sauti yangu mu ile mwanya."

Siku tatu namchungulia mdomoni kwa kamera inayoona hadi unywele, sikumuuliza hata mara moja alikuwa akichekaje! Nimeona aibu hadi masikioni.

Alhamisi, 12 Juni

Mama Mushiya kaja na picha ya harusi ya mdogo wake, humo yeye anacheka. Mwanya mzuri mno, wa kuonewa wivu. Nikachukua rula niupime kwenye picha. Fidélie, muuguzi wetu, akanicheka. Alisema niache picha, kipimo anacho Mama Mushiya mwenyewe kwenye ulimi.

Tukaweka jino la muda la plastiki, nikalikwangua kidogo kidogo. Kila mara Mama Mushiya anahesabu, asikie 's' ikipita mwanyani: tano, sita, saba. Bado. Nakwangua. Bado. Mara ya tano akasema "sita", akanishika mkono.

"Njo hapo." Ndipo penyewe.

Akarudia sita, saba, sita, saba, peke yake kitini. Nikapitisha kamera upya, jino hilo likiwa mdomoni, ili mashine ilinakili vilevile. Kipande cha kauri cha rangi ya meno yake kimebaki kimoja tu. Nisikosee, Mungu wangu.

Ijumaa, 13 Juni

Kofia mpya imetoka tanurini saa tisa. Ukingo umekaa. Mwanya upo. Gundi ya kudumu sijaitia — hiyo inamngoja mzee.

Naandika huku nangoja, mlango uko wazi. Fidélie amezima redio. Simu inaita Musumba, wameiweka sauti kubwa. Inaita sana. Imepokelewa — mzee anauliza nani, kwa ukali.

"Mama, ulisha kula?" anauliza Mama Mushiya.

Kitenge kimeteleza hadi sakafuni, hajakiokota. Kule kuku wanalia, watoto wanapiga kelele — sasa namsikia mzee, anawaambia watoto wanyamaze, amsikie mwanawe —