Samaki wa Mfereji wa Mitende

Kaka Nabhan,

Sisi wazima, mbuzi kazaa pacha. Mradi wetu wa ikolojia ni kuhesabu samaki wa mfereji. Siku tatu wavu ulitoka mtupu, mwalimu Rayya kanuna.

Jana Baba, ambaye tangu ugombane naye hatoki nje, akaja na mkongojo. "Nyie wasomi, mnawatisha samaki wenyewe kwa wavu wenu."

Akavua viatu, akatumbukiza miguu. Samaki wakaja kumdonoa vidole. Tukahesabu arobaini na mmoja, naye anacheka kwa kutekenywa mpaka machozi.

Mwalimu akamuuliza nani alimfundisha.

"Mwanangu Nabhan, alipokuwa na miaka sita."

Mwaka mzima hajalitaja jina lako. Ijumaa tunahesabu tena. Anasema miguu yake peke yake haitoshi.

Mdogo wako,
Thuraya