Viatu Vyangu Mkononi

Nabuyonga, Mbale

Mjukuu wangu Yusufu,

Salamu zikufikie huko Kimaka kwenye kazi yako ya ulinzi. Sisi tupo tu. Bibi yako hali chakula vizuri tangu tumzike mama yako, na maharagwe yetu ya kule mlimani Wanale yameozea shambani.

Unaniuliza kama mama yako anajua kwamba ulikuja, maana ulifika tumekwisha kumfukia. Sijui, baba. Nitakwambia tu nilichofanya mimi.

Nikiwa kijana tulimzika mdogo wangu Hamisi, ambaye alikuwa hawezi kulala chumbani peke yake. Sheikh alitufundisha kwamba maiti husikia viatu vya wanaoondoka, kisha malaika wawili huja kumhoji. Basi nikaamua kumdanganya Hamisi. Nilivua viatu, nikaondoka pekupeku juu ya mawe, ili adhani kaka yake bado amekaa pale.

Mjomba akauliza, "Wewe, viatu vina nini?"

Nikasema vinanibana.

Nilijiona mjanja mpaka nikazeeka. Sasa kila nikimaliza kuswali, wazo moja linanikaba. Hamisi alisikia viatu vya watu wote isipokuwa vyangu. Labda mpaka leo anangoja Kiyama akiamini kwamba sikuja kumzika, nami sina njia ya kumwambia.

Wewe ulichelewa, lakini uliondoka na mabuti yako ya kazi. Niliyasikia mpaka barabarani. Kama mama yako aliyasikia, sijui.

Siku yangu ikifika, yavae.

Babu yako